Mwaka Tuliotaka Kuonekana

Mama Wabiwa alizikwa Jumanne, nami nikafika Baraka, upande wa Kongo, Alhamisi, siku mbili baada ya kaburi kufukiwa, kwa sababu ziwa lilikuwa limechafuka na boti za Kigoma hazikutoka. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Bamama wa kanisa walinikalisha kwenye mkeka, wakaniletea bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na mmoja wao, mzee ambaye sikumkumbuka uso, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Njo weye ule mutoto wa mashine?" Nikamwambia ndiye mimi. Akanisogezea sahani. "Kula. Alikuwa anakutaja kila mara." Nilikaa pale mpaka jua likapinduka, nikisikiliza watu wakimsifu marehemu: sauti yake iliyofika hadi bandarini, ukali wake kwa wafanyakazi wavivu, jinsi alivyojua kupika samaki bila kuwavunja. Hakuna aliyetaja mwaka ule. Sikushangaa. Watu wa Fizi, wilaya yetu, wamepita katika mambo mengi ambayo waliyaokoka kwa kutoyasema, na kinywa kilichozoea kufungwa hakifunguki kwa sababu tu hatari imepita. Lakini mimi nimeishi ng'ambo ya ziwa miaka mingi, nimekwisha kuwa mama wa watoto wakubwa, na naona kwamba nikinyamaza nami, alichofanya mwanamke yule kitakuwa kama hakikufanyika.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mahali nilipojifunza kompyuta katika darasa la mabati, watu wanne kwa mashine moja. Niliporudi Baraka watu walinicheka nikifungua mdomo. Walisema naongea kama redio. Vita vilikuwa vimekwisha kwenye makaratasi. Mjini kulikuwa na magari meupe ya mashirika, pikipiki za abiria, nyumba mpya za matofali kando ya zile zilizobaki kuta tupu. Milimani, kule juu, na katika misitu ya magharibi, watu wenye bunduki walikuwa bado wapo, na kila wiki tulisikia wameshuka mahali fulani. Tulijifunza kuishi tukisikiliza. Ukiona asubuhi soko limechelewa kujaa, ulifunga mlango kabla hujauliza sababu.

Mama Wabiwa alikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Tulizo: vyumba vinane vilivyopangwa kuzunguka ua wa saruji, ukumbi wa kulia wenye meza za plastiki, jiko la nje lililoezekwa mabati, na ghala dogo lenye dirisha moja ambamo aliweka maharage, unga wa muhogo, sabuni, na baadaye mimi. Aliniajiri niandike majina ya wageni. Wageni wenyewe walikuwa wachache. Siku moja mgeni wa shirika alipita kwetu kuuliza njia ya kwenda nyumba nyingine ya wageni, ile ya karibu na bandari, na mkononi alikuwa na karatasi iliyochapwa. Alipoondoka, Mama Wabiwa aliniita.

"Faida, ile karatasi alitoa wapi?"

"Kwenye intaneti, mama. Waliandika hoteli ya Baraka, wakaoneshwa ile."

"Na siye? Si ule muzungu wa mwaka jana alitutengenezea yetu?"

"Alitutengenezea tovuti. Iko."

"Sasa kama tuko mule, mbona habatuone?"

Nilienda ghalani, nikachomeka modemu, nikangoja saa saba mchana wakati mji unapolala na mtandao unapata nguvu kidogo. Nikafanya kitu ambacho tangu hapo nimewafundisha wengi: nikajifanya mgeni. Nikaandika yale ambayo mgeni angeandika, kwa Kifaransa, mahali pa kulala Baraka. Zilikuja mahubiri juu ya baraka za Mungu. Ukaja mji wa nchi nyingine. Wakaja watu wenye jina hilo, mchezaji mpira na fundi wa magari. Ile nyumba ya bandarini ilikuwa ya tano. Sisi nilitutafuta kurasa tisa mpaka macho yakauma. Nilipofungua tovuti yetu nikaelewa. Kichwa chake kiliandikwa "Karibu", basi. Hakuna mahali paliposema Baraka, wala Fizi, wala Kivu Kusini, wala Kongo. Palikuwa na picha moja kubwa ya ziwa, nzito mno kufunguka kwenye mtandao wetu. Nilimweleza Mama Wabiwa kwamba kuna mtambo unaosoma kurasa zote na kuzipanga, Kifaransa wanauita moteri ya kutafuta, na mtambo huo haujui tuko wapi duniani. Alifikiri ni moteri ya boti. Alipoelewa, alipiga makofi. "Basi uuambie!"

Kwa miezi minne nikauambia. Nilibadilisha vichwa vya kurasa zote, kila kimoja kikataja jina letu, kazi yetu na mji wetu. Jina na namba ya simu nikaviandika namna moja kila mahali, kwa sababu huko nyuma viliandikwa kwa namna tatu. Picha nilizipunguza uzito, nikaipa kila moja jina lake badala ya tarakimu za kamera. Lakini kilichotuinua zaidi ni kusikiliza. Asubuhi nilikuwa nikipita na birika la chai kati ya meza, na wageni walikuwa wakiuliza mambo yaleyale: kutoka Uvira ni saa ngapi, daraja limepona, kuna maji bafuni, umeme unawaka mpaka saa ngapi. Kila swali nililosikia mara tatu nililifanyia ukurasa wake, nikalijibu kwa ukweli. Ukurasa wa njia nilikuwa nikiuandika upya kila siku, baada ya kuongea na madereva wa pikipiki waliotoka Nundu na Makobola: leo matope, leo pazuri, leo ngojeni. Mtambo ulipenda kurasa zinazobadilika. Ulianza kupita kwetu mara kwa mara. Kisha nikaomba wengine watutaje. Mganga mmoja wa hospitali ya Nundu aliyekuwa akiandika habari za kazi yake mtandaoni akaweka jina letu. Parokia ikaliweka. Tukapanda hadi ukurasa wa tatu, wa pili, na asubuhi moja nikamwita Mama Wabiwa ghalani aone kwa macho yake: wa kwanza. Aliusogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Njo siye hawa? Juu ya bote?" Akatoka uani akicheza, mwanamke mnene wa miaka hamsini, na mpishi wake akampigia sufuria kwa mwiko.

Mpishi huyo ndiye Mama Rahabu. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, aliyezaliwa kule juu Minembwe katika watu wa ng'ombe, akaolewa na mwalimu Mubembe, wa kabila la hapa kando ya ziwa, aliyepangiwa shule huko. Mumewe alikufa kwa ugonjwa, naye akabaki Baraka karibu na kaburi lake, katika nyumba ya udongo mita mia kutoka Tulizo. Mtaa wote ulijua alikotoka. Ulijua na ukanyamaza, maana miaka ile mtu wa milimani kuishi kando ya ziwa lilikuwa jambo lililosimama juu ya ukimya wa jirani zake. Alikuwa akiletewa maziwa kutoka Fizi kwa pikipiki, akiyagandisha katika kibuyu kama mama yake alivyomfundisha, na wageni waliyapenda. Wengine waliandika barua wakirudi makwao, wakiulizia yale maziwa.

Na mimi, niliyekuwa nimelewa kupanda, nikaona hicho ndicho ile nyumba ya bandarini haina. Nilimpiga picha mlangoni pa jiko, kibuyu mkononi, akicheka kwa sababu Mama Wabiwa alikuwa akimtania nyuma yangu. Chini ya picha nikaandika: Mama Rahabu, mpishi wetu kutoka milima ya Minembwe, na maziwa yake ya kuganda. Picha nikaipa jina lake na jina la mji. Nilimwomba ruhusa, alisema sawa, kama mtu anayekubali jambo asilolijua. Nimejiuliza miaka yote hii kama ningeandika "mpishi wetu" tu, ingekuwaje. Sikuwa mtoto. Nilikuwa nimekimbia vita kwa sababu ya majina na mahali pa kuzaliwa, nilijua vizuri vitu hivyo vinafanya nini. Nilisahau kwa sababu nilikuwa na furaha.

Mwezi wa kiangazi habari zikabadilika. Tukasikia kule juu wanapigana tena, vijiji vinachomwa, vya hawa na vya wale. Gari moja lilisimamishwa njiani, abiria wakashushwa na kuulizwa majina ya baba zao, na walioonekana wa milimani wakatengwa na wengine. Madereva walipofika kwenye hadithi hiyo walikuwa wakiangalia chini. Sokoni watu walianza kusema "bale", yaani wale, bila kutaja ni nani, na kila mtu akaelewa. Mama Rahabu aliacha kwenda sokoni. Maziwa ya Fizi yalikuja mara ya mwisho, kibuyu kimoja, kisha dereva akasema hatayabeba tena.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, wanaume wawili waliingia ukumbini. Walivaa kiraia, mashati safi, lakini walikaa migongo ukutani wakitazama mlango, na viatu vyao vilikuwa vya msituni. Sikuwahi kuwaona mjini. Waliagiza bukari na samaki. Mkubwa wao, mtu wa sauti laini mwenye kovu kwenye kidole gumba, alinawa mikono polepole, akanikaribisha niketi. Nikakaa.

"Dada, siye tuko bageni. Tulitafuta fasi ya kulala, tukaandika jina ya muji tu. Mukatokea benyewe wa kwanza." Akatoa simu yenye kioo kidogo, akanionesha. "Na huyu mama akatokea. Iko wapi? Tunataka kukunywa maziwa yake."

Kutoka jikoni ilikuja sauti ya mwiko ukikwangua sufuria. Alikuwa hatua ishirini kutoka pale, nyuma ya pazia la kitenge. Nilisikia kila mkwaruzo. Nilifikiri, wataisikia na wao, watajua kwamba hiyo ndiyo mikono yake.

"Alienda," nikasema. "Kitambo."

"Alienda wapi?"

"Sijui. Mi ni wa karatasi tu."

Alinitazama muda mrefu bila hasira. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa kama mtu anayekagua kazi. "Unaongea kama mutu wa Tanzania," akasema. Kisha walikula mpaka miiba ikabaki. Walipoondoka alisimama mlangoni. "Tutarudi Siku ya Mungu, kisha ya misa. Mutuwekee yale maziwa." Dereva wa pikipiki aliyewafuata kwa macho alituambia baadaye kwamba mmoja alienda njia ya Fizi, na yule mwenye sauti laini akabaki bandarini, akakaa chini ya kibanda cha muuza mafuta, akiangalia kila anayepanda boti.

Niliingia jikoni. Mama Wabiwa alikuwa amesikia yote kupitia pazia. Alikuwa amemshika Mama Rahabu mkono, na wote wawili walikuwa wamesimama kama watu waliosimamishwa na mvua. Kisha akatoa amri kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo kabisa. Mama Rahabu asirudi kwake. Angekaa ghalani, nyuma ya magunia ya maharage, mlango ufungwe kwa nje kila nikitoka, mimi niendelee kufanya kazi humo kama kawaida.

Siku tatu, tukingoja hiyo Siku ya Mungu, yaani Jumapili, tulikaa chumba kimoja, mimi mezani, yeye kwenye gunia chini ya dirisha, mahali ambapo mtu wa uani asingemwona. Chumba kilinuka sabuni na vumbi la unga. Tuliongea kwa pumzi. Kwanza nilifuta picha kwenye tovuti, nikikosea neno la siri mara mbili. Halafu nikaandika tena jina la mji, kuhakikisha, na yeye akatokea palepale, akicheka, kibuyu mkononi. Mtambo ulikuwa umeiweka picha yake kwenye kumbukumbu zake wenyewe. Nilijua namna ya kumfanya mtu aonekane. Namna ya kumficha sikuijua. Nilianza kujaza ombi la picha kuondolewa, na kabla sijamaliza mtandao ukakatika; mnara wa simu ulikuwa umeishiwa mafuta.

"Nionyeshe," Mama Rahabu aliniambia.

"Nini, mama?"

"Ile picha."

Ilikuwa bado kwenye kompyuta. Nikamgeuzia kioo. Aliitazama akiwa amepiga magoti kati ya magunia. Nilingoja anilaumu; nilitaka anilaumu.

"Ni muzuri," akasema. "Sikuyuaka kama ninachekaka vile." Kisha akaketi tena chini ya dirisha, na nikamwona amefunga macho, midomo ikienda, akiomba kwa lugha ya kwao bila sauti.

Ijumaa hatukupata mtandao. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya lango ilimlaza Mama Rahabu nyuma ya magunia. Adhuhuri muuza vocha wa ng'ambo ya barabara aliingia kununua chai, akanong'ona kwamba kuna mtu amempitia akimuuliza habari za mpishi wa Tulizo. "Nilimwambia siyue mutu," akasema, akainywa chai ikiwa moto sana, akaondoka. Baadaye fundi cherehani akaja na maneno yaleyale. Mtaa mzima uliulizwa siku ile, nyumba kwa nyumba, na mtaa mzima haukujua mtu. Mpaka leo sijui kama nilipata kuwashukuru hata mmoja wao.

Ni Mama Wabiwa aliyeliona wazo. Nilikuwa nimemweleza kwamba siwezi kuitoa haraka, kwamba mtambo utapita siku utakayotaka wenyewe. Kwamba kitu pekee ninachoweza ni kuweka picha nyingine mahali palepale, kwa jina lilelile, ili mtu akiibonyeza ile ndogo inayooneshwa na mtambo, ifunguke hiyo nyingine. Alisugua magoti.

"Basi weka ya kwangu," akasema.

Kutoka nyuma ya magunia Mama Rahabu, aliyemwita dada mkubwa, akasema, "Apana, yaya."

"Mi ni Mubembe, baba yangu ni wa hapa, nani atanifanya nini?" Lakini sauti yake haikuamini. Sote watatu tulijua kwamba watu wale hawakuwa wakihurumia aliyewadanganya, awe wa kabila gani. "Faida, leta kamera."

Tulimpiga picha mlangoni pa jiko. Alifunga kitambaa cha Mama Rahabu, akavaa aproni yake, akashika kibuyu. Kutoka kwenye ufa wa mlango wa ghala Mama Rahabu alimwelekeza kwa kunong'ona: inua kidogo, mukono wa kuume chini, usikikamate kama chupa. Nikamwambia acheke. Alijaribu mara sita. Ya saba ilikuwa karibu kicheko.

Jumamosi asubuhi niliiweka picha kwenye kijiti cha kumbukumbu, nikakificha ndani ya nywele, nikapanda pikipiki hadi ofisi ya shirika moja lililokuwa na dishi lake la mtandao. Karani wa pale alikuwa ameishi nasi kambini. Nilimwambia nahitaji nusu saa, hakuniuliza ya nini. Niliiweka picha mpya kwa jina la ile ya zamani. Chini yake niliandika: Mama Rahabu, mwenye nyumba na mpishi, mzaliwa wa Baraka. Nilimaliza ombi la kuondolewa. Kisha nikaandika jina la mji. Picha ndogo, ya ukubwa wa ukucha, ilikuwa bado ya Mama Rahabu wa kweli. Nikaibonyeza, na akafunguka Mama Wabiwa. Nilirudia mara kumi. Mara zote kumi ukucha ulikuwa wa mmoja na uso ulikuwa wa mwingine. Nikamrudishia karani kiti chake, nikapanda pikipiki kurudi.

Jumapili bamama wa kanisa walikuwa na safari ya kwenda kuzika upande wa Ubwari, rasi iliyo ng'ambo ya ghuba. Mama Wabiwa alikuwa ameongea na mwenyekiti wao. Saa mbili asubuhi waliingia uani kwetu wanawake kumi na tisa, wamevaa kitenge kimoja cha chama, vitambaa vimeshuka hadi kwenye nyusi kama watu wa msiba, na walipotoka walikuwa ishirini. Walienda barabarani wakiimba wimbo wa mazishi. Mama Rahabu alikuwa katikati, amejiinamisha ili urefu wake upungue, ameegemea bega la mwenzake kama aliyezidiwa na kilio. Nadhani alilia kweli. Hakuruhusiwa kupita kaburini kwa mumewe. Nilibaki langoni nikisikiliza wimbo ukishuka kuelekea bandarini, nikingoja ukatike. Haukukatika. Ulififia tu, kisha nikasikia moteri ya boti.

Saa sita na nusu walikuja wote wawili, na wa tatu. Wageni waliokuwa wakila walifunga mazungumzo, mmoja mmoja wakasimama na kwenda vyumbani. Mama Wabiwa alitoka jikoni na aproni ile, akifuta mikono.

"Nasikia munanitafuta."

"Siye tunatafuta Rahabu," alisema yule wa sauti laini.

"Njo mi. Rahabu ni jina ya ubatizo. Huyu mutoto alikuwa na woga, akawaambia nilienda."

Mtu yule akatoa simu. Mnara ulikuwa umeamka asubuhi ile. Aliandika kwa kidole gumba chenye kovu, polepole, na mimi nilisimama nyuma ya kiti nikiona kioo chake juu ya bega. Duara likazunguka. Likazunguka. Ukaja ukucha. Sikuweza kuona ni nani. Akausogeza karibu na macho, akamtazama Mama Wabiwa, akautazama tena, kisha akaubonyeza. Picha ikafunguka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtandao wetu ulivyokuwa: bati la jiko, kitambaa, paji la uso, macho. Macho ya Mama Wabiwa. Kibuyu.

"Hapa wanaandika mzaliwa wa Baraka," akasema. "Alhamisi niliona Minembwe."

"Hiyo ya Minembwe ni maziwa," nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. "Nilikosea, nikasahihisha."

Aliniangalia tena kwa yale macho ya mkaguzi. Alijua. Naamini mpaka leo kwamba alijua, au alijua nusu. Akaiweka simu mezani. "Basi, Rahabu, tupe maziwa."

Mama Wabiwa alikuwa mtu wa ziwa. Maisha yake yote sikumwona akionja maziwa. Harufu tu ilimfanya ageuze uso, na Mama Rahabu alikuwa akimcheka kwa hilo. Alileta kibuyu cha mwisho, akakishika kama alivyofundishwa, mkono wa kulia chini, akakitikisa, akamimina vikombe vinne. Kwa kuwa mwenyeji huonja kwanza, aliinua kikombe chake, akanywa mpaka mwisho bila kupumzika, akapangusa mdomo na kuketi nao.

Wakanywa. "Imechacha kidogo," alisema yule mtu.

"Ya zamani. Barabara mumeifunga benyewe," Mama Wabiwa akamjibu, na mwenzake mdogo akacheka, kicheko kifupi kilichomtoka kabla ya kujizuia. Yule mkubwa hakucheka. Lakini alisimama. Mlangoni akageuka, akasema, "Mama, hii mambo ya kuonekana, muache." Wakaenda. Mama Wabiwa alibaki kwenye kiti mpaka pikipiki zao zikapotea, akaenda nyuma ya jiko, na nikamsikia akitapika maziwa yote.

Siku ya nne mwendesha boti alituletea neno kwamba mgonjwa, ndivyo alivyomwita Mama Rahabu, amefika Kigoma na amepokelewa. Hakusema zaidi, hatukuuliza zaidi. Miaka ilipita kabla sijajua kwamba Mama Rahabu alipata nchi ya mbali, kwamba anaishi na binti ya dada yake na bado hapendi kupigwa picha.

Nilidhani Mama Wabiwa angeniambia nifute kila kitu siku ileile. Alikataa. "Bakirudia bakikosa picha, batajua ni uongo. Iache." Basi ikabaki, na kwa miezi minne kila mgeni aliyesoma tovuti yetu alifika akimwita Rahabu, na yeye akaitika. Hakujua ni yupi msafiri na ni yupi wa watu wale. Alikuwa akitoka jikoni kila alipoitwa, aproni kifuani, akisema njo mi. Alikonda. Uani hakucheza tena. Nami nilimwona kila mara namna alivyosimama sekunde moja nyuma ya pazia kabla ya kulifungua, na nilijua kwamba sekunde hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Halafu alikuja kijana mmoja mhandisi wa maji, mpole, mwenye mfuko wa vitabu, akaketi, akasema amesoma habari za Mama Rahabu na maziwa yake. Mama Wabiwa alikuja na birika la chai. "Njo mi," akasema. "Maziwa yalikwisha." Alianza kumimina, na chai ikapita kikombe, ikapita sahani, ikatapakaa mezani na kumwagikia kijana magotini, na yeye akaendelea kumimina, akiitazama tu. Nilimnyang'anya birika. Nikampeleka ghalani, nikamkalisha kwenye gunia chini ya dirisha, na pale ndipo alipolia, kwa sauti yake ile kubwa iliyofika bandarini, bila kujali nani anasikia.

"Toa," akaniambia alipoweza. "Toa yote, Faida. Mi sitaki tena kuwa mutu wawili."

Nilifunga mlango, nikaketi mezani nikaitoa: picha, kurasa, njia ya Uvira, maji ya bafuni, jina letu. Ilichukua mchana mzima. Aliketi nami mpaka mwisho, mkono wake mzito juu ya bega langu, na kila ukurasa ulipofutika aliuliza, "Na huu umeenda?" nami nikamjibu, "Umeenda, mama."